Lalla Ijja Outaleb na Nukta ya Ukurasa wa 112

Leo Alhamisi, tarehe 30 Juni 2022, Lalla Ijja Outaleb, Lalla kwa maana ya Bibi, msomaji mkuu wa hati katika Kituo cha Nyaraka za Fiqhi hapa Tarudant, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa amezidai mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka thelathini na sita," akairudisha na wino mwekundu pembeni: "Zaidi ni ngapi?"

Basi wageni wetu mjue tangu mwanzo mwandishi wa mistari hii, Tuda Amzil, ameishi na mtu wa namna gani. Meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa. Kamati ya sherehe imenipa kurasa mbili na kuniagiza niandike kwa unyenyekevu. Kurasa mbili hazitoshi, na unyenyekevu nimeuacha nyumbani. Leo tunajivuna.

Alizaliwa mwaka 1959 huko mlimani, katika kijiji cha Tagadirt Ufella. Baba yake, fakihi Si Lhsen, alikuwa na chuo cha Kurani. Wavulana waliketi mkekani na mbao zao, Ijja aliketi kizingitini akivunja kokwa za argan, tunda letu la mafuta, kwa jiwe. Alipofika miaka tisa alikuwa akimsahihisha kila mvulana aliyeteleza katika kusoma, bila hata kuinua macho kutoka kwenye jiwe lake. Mzee alimwachia. Mwishowe akampa ubao wake na kalamu ya mwanzi, akamwambia asogee ndani, maana pale mlangoni alikuwa anapigwa na baridi.

Februari 1986 akashuka mjini kutafuta kazi. Mwasisi wa Kituo, marehemu Dakta Ghali Benzekri, alikuwa ametangaza nafasi moja ya karani msaidizi. Dakta Ghali alikuwa ghali kwa jina na kwa tabia: amesoma Cairo miaka minane, suti zake zilishonwa mji wa Fasi, na tabasamu lake lilitoka mara mbili kwa mwaka, Idi zote mbili. Walikuja wanaume kumi na mmoja wenye vyeti. Wa kumi na mbili akawa Ijja, hana cheti, kapu mkononi. Dakta akampa hati ya zamu za maji ya mfereji, ya miaka mia mbili, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameihangaikia siku mbili. Ijja akaisoma yote kwa sauti, wima, kapu halijatua.

"Huu si mwanzo wake," akamwambia. "Ukurasa wa kwanza umebaki huko ulikotoka."

Dakta akaitazama hati, akamtazama yeye. "Utaanza Ijumaa," akasema. Na kweli akaanza Ijumaa, siku ambayo mji mzima unakimbilia mlo wa kuskusi nyumbani na hakuna mtu ofisini wa kumwonyesha choo kiko wapi.

Mengi yamesemwa juu ya ukali wake, na yote ni kweli. Mbele yake hutakiwi kusema "nadhani." Unasema "nimeona" au unanyamaza. Chai karibu na karatasi za zamani ni marufuku. Mwaka 2009 alitujia mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mzito, akaweka glasi yake ya chai ya mnanaa juu ya hati ya wakfu. Lalla Ijja aliichukua ile glasi, akainywa yote mpaka majani, akairudisha tupu kwenye sinia, akaendelea na maelezo yake. Mkaguzi akafunga daftari lake. Katika ripoti yake aliandika kwamba Kituo kinatunza nyaraka "kwa namna ya pekee."

Ameorodhesha hati elfu nne na mia tatu. Amefundisha vijana sitini na wawili kusoma miandiko ya mababu, na miongoni mwao wamo mabinti wa kwanza wa mkoa wetu kufaulu mtihani wa uandishi wa mikataba ya ndoa na mirathi, kazi ambayo tangu enzi na enzi ilikuwa ya wanaume tu. Walikuwa wakitoka darasani kwake wakilia. Waliporudi na vyeti vyao walilia tena, safari hii pamoja naye, ingawa yeye anasema ilikuwa vumbi.

Lakini kama angefanya hayo yote na asifanye lile la mwaka 2015, leo tungempa saa ya ukutani na kumwambia kwa heri. Kwa hiyo niacheni nilisimulie hilo, na mwenye haraka akale keki.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Novemba. Akaingia mwanamke wa makamo, kajitanda shuka la kimlima, mkononi mfuko wa nailoni. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Hapa ndipo penye Sidi Hmad wa Tizgi?"

Nikamwambia ndipo, kwa maana ya kitabu chake.

"Mwite atoke. Nina neno naye."

"Mama, Sidi Hmad amefariki. Ni miaka mia mbili na arobaini sasa."

"Mbona bado anasema?" Akautua mfuko mezani, akatoa hukumu ya mahakama iliyokunjwa mara nne. "Soma hapo. Alisema nini juu yangu?"

Jina lake Mamass Id Bella. Ameishi na mumewe, Hajj Ali, miaka thelathini na mmoja. Walianza na chumba kimoja na mbuzi. Mamass ndiye aliyebeba mawe ya kisima, ndiye aliyesaga argan kwa mikono mpaka chupa mbili za mafuta kwa wiki zikawa mia, ndiye aliyekanyaga udongo wa vyumba saba na banda la mashine ya kukamulia. Hajj Ali alipeleka chupa sokoni na akarudi na karatasi, na karatasi zote zikawa na jina lake. Kisha akampa talaka, godoro na kitulizo cha mtalikiwa, akamwambia nyumba na mashine ni vyake. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga akiwa ameshiba nyasi alizokata mwenyewe.

Mahakama ya mwanzo ilikubaliana na Hajj. Na hapo ndipo sisi tulipoingia, kwa aibu yetu. Tangu 2004 sheria mpya ya familia imewafungulia mahakimu mlango wa kuangalia jasho la kila mmoja katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Wazee wetu wa huku Susi waliujua mlango huo kabla ya sheria yoyote ya Rabat. Ila mawakili wa waume walikuwa wameuzuia kwa ndani kwa kitabu, na kitabu chenyewe ni chetu: Majibu ya Sidi Hmad, mkusanyiko wa fatwa zake, kilichohaririwa na Dakta Ghali mwaka 1981, ukurasa wa 112. "Kazi ya mke katika mali ya mumewe ni faradhi." Mistari haibishaniwi ikiwa imechapwa vizuri na ina daktari kwenye jalada. Rufaa ya Mamass ilikuwa isikilizwe tarehe 14 Januari. Akishindwa, anatoka nyumbani, yeye na binti zake wawili ambao bado hawajaolewa.

Nilimpeleka kwa Lalla Ijja. Akamketisha, akamwagizia chai, chumba cha pili bila shaka. Mamass hakuigusa.

"Lalla, mimi sikusoma," akasema, "lakini faradhi nazijua. Ipo sala, ipo saumu, ipo zaka, na hija kwa mwenye uwezo. Sasa wewe msomi nionyeshe kuchimba kisima ipo wapi. Kabla ya adhuhuri au baada?"

Nilicheka. Lalla Ijja hakucheka. Alikuwa amegeuka rangi. Mwaka 1991 kitabu kilipochapwa mara ya pili, aliyesahihisha karatasi za chapa kabla ya kwenda mitamboni alikuwa yeye. Ukurasa wa 112 ulipita mikononi mwake, ukaenda. Aliniambia baadaye kwamba siku ile hata hakusita. Neno lile lilikuwa linasemwa majumbani tangu azaliwe, kwa hiyo macho yake yalilipita kama mtu apitavyo mlango wa jirani.

Mgeni alipoondoka, akafungua kitabu, akakaa nacho.

"Tuda," akaniita, "soma mstari unaofuata."

"'Na hailipwi kwa asante.' Kisha pana tanbihi ya Dakta: 'Ibara imevurugika.'"

"Faradhi hailipwi na mtu hata kidogo. Analipa Mungu. Sasa kwa nini huyu mzee ahangaike kusema hailipwi kwa asante?"

"Nadhani..."

"Usidhani. Vaa koti, tunapanda mlima."

Dakta Ghali alikuwa ameuhariri mswada kwa kutumia picha za filamu, na filamu yenyewe imefifia. Asili ilibaki Tizgi, kwenye ghala la kijiji, lile la ngome ya mawe ambamo kila ukoo una chumba chake cha shayiri, mafuta na karatasi. Mlinzi wa ghala, Da Moh, alitukatalia ufunguo mpaka tulipomaliza bakuli zima la uji wa shayiri. Ndipo akatuletea sanduku. Lalla Ijja akanawa mikono, akafungua, akaweka kioo chake cha kukuzia juu ya mstari. Aliuinamia muda mrefu kiasi kwamba Da Moh aliniuliza kama mama anaumwa.

Kisha akaanza kuimba. Wallahi, aliimba, kwa sauti ya mtoto wa chuo: "Fa, moja chini! Qaf, moja juu!"

Kwa wageni waliosoma shule za mjini, nieleze mara moja. Katika vitabu vya chapa, herufi fa ina nukta moja juu, na qaf ina nukta mbili. Lakini mababu wa huku kwetu hawakuandika hivyo. Wao waliiwekea fa nukta moja chini, na qaf nukta moja juu. Kwa hiyo qaf yetu sisi ndiyo fa ya Cairo. Na kwa Kiarabu, faradhi na karadha zinatofautiana kwa herufi hiyo moja tu. Mwanzoni mwa neno la Sidi Hmad palikuwa na nukta moja, juu. Katika mstari uleule palikuwa na fa ya kweli, nukta yake chini, imekaa pale kama shahidi.

Sidi Hmad hakuwahi kusema faradhi. Alisema karadha. Kazi ya mke katika mali ya mumewe ni mkopo alioukopesha, uko juu ya mume, na hailipwi kwa asante.

Miaka thelathini na minne! Kitabu kilisomwa na mahakimu, mawakili, maprofesa, na hakuna aliyekwenda kukitazama kile kinukta. Kosa linalompendeza msomaji huishi maisha marefu. Lalla Ijja alilia pale ghalani, na mimi nikalia kwa kumwona yeye, na Da Moh akaongeza uji.

Furaha hiyo ilidumu mpaka tuliposhuka. Neno la karani asiye na shahada dhidi ya neno la daktari halina uzito mahakamani, na muhuri wa Kituo wakati ule ulikaa mfukoni mwa Dakta Ghali, mkurugenzi wa heshima, umri wake miaka sabini na saba. Huyu ndiye aliyempa Ijja kazi pale ambapo hakuna mwingine angempa hata ufagio. Alimlipia matibabu ya baba yake. Alikuwa akimwita "binti yangu", na Ijja alikuwa akimwita Sidi, na hakuna kati yao aliyekuwa akitania.

Ijja akamwekea Dakta picha ya ukurasa mezani, na kioo juu yake. Mlango ulikuwa wazi. Si kwamba nilikuwa nachungulia, ila masikio hayana kifuniko.

"Fa," akasema Dakta.

"Qaf, Sidi."

"Fa, binti yangu. Nimezisoma herufi hizi kabla wewe hujazaliwa."

"Umezisoma Cairo, Sidi. Aliyeandika hapa hakuwahi kufika Cairo."

Dakta akainua kichwa: "Nani kakutuma? Wale wa vyama vya wanawake?"

"Mwanamke mmoja mwenye mfuko wa nailoni."

Dakta akasukuma kioo kando. Akasema kitabu kile ni umri wake. Akasema Ijja akitaka kwenda mahakamani aende, lakini aende kama Ijja Outaleb, si kama Kituo, na muhuri hautaguswa. Lalla Ijja alitoka, akaja kwenye meza yake, akafuta kioo kwa ncha ya kitambaa chake mara kumi. Wiki saba wale wawili hawakusemezana. Aliomba likizo ya siku tatu za Januari, akaniambia, "Nikirudi nikakuta meza yangu imehamishwa, paka wa ofisi umlishe wewe." Aliogopa. Yeye anakanusha, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake.

Tarehe 14 Januari 2016 chumba cha mahakama ya rufaa kilijaa watu wa kesi mbalimbali, wengi wazee wa mlimani waliokuja kugombania mipaka ya mashamba. Mamass alikaa mbele, mfuko mapajani. Wakili wa Hajj Ali, kijana wa suti ya buluu na viatu vinavyolia, akamwinukia Lalla Ijja alipopanda kutoa ushahidi.

"Bi mkubwa, una shahada gani?"

"Nina kitambulisho na cheti cha chanjo."

Watu wakacheka. Wakili hakucheka. "Yaani nyumba ya mteja wangu igawanywe kwa sababu ya kinukta alichokiona mhudumu wa maktaba?"

"Igawanywe kwa sababu ya aliyeibebea mawe," akajibu. "Kinukta kinasema tu kwamba mzee aliona hivyohivyo."

Jaji mwenyekiti, mtu mzima mwenye mvi, akainama mbele. "Utatuhakikishiaje kwamba ni qaf?"

Lalla Ijja akaviunganisha viganja vyake kama ubao wa chuoni, akaimba kama alivyoimba ghalani: "Fa, moja chini! Qaf, moja juu!"

Na kutoka viti vya nyuma, bila kuombwa na mtu, wazee wa mashamba wakaitikia kwa pamoja herufi zinazofuata kwa mpangilio wa vyuo vyetu, "Sin haina! Shin tatu juu!"

Jaji akagonga meza. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wenye mwanga, na nilimwona: midomo yake mwenyewe ilikuwa imeshafika kwenye shin.

Wakili hakukubali kuzama peke yake. "Mheshimiwa, nyimbo za watoto si ushahidi. Kitabu kimehaririwa na Dakta Benzekri, yu hai, na amesoma faradhi. Kama amekosea, aseme yeye."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililotukata miguu. Jaji akamuuliza Lalla Ijja kama ana barua ya mhariri. Akasema hana. Mamass hakuelewa maneno yote, ila aliuona uso wake, akaukumbatia mfuko kwa mikono miwili. Sitaki kuikumbuka ile dakika.

Mlango ukafunguka. Aliyeingia ni Ba Blaid, mlinzi wetu wa getini, jasho linamtoka, na kapu la machungwa mkononi. Akamwomba radhi kila mtu aliyemkanyaga, akafika mbele, akatoa chini ya machungwa kitu kilichofungwa taulo. Kilikuwa nakala ya Dakta Ghali mwenyewe, toleo la kwanza, ile aliyoiweka kando ya kitanda chake.

"Kaniambia niipeleke mkononi kwa Jaji," Ba Blaid akasema. "Na machungwa ni ya Lalla Ijja."

Jaji akafungua ukurasa wa 112. Faradhi ilikuwa imepigwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wa kizee, imeandikwa karadha, qaf yake ikiwa na nukta moja juu, kwa mtindo wa mababu. Chini yake saini, tarehe ya jana yake na muhuri wa Kituo. Na ile tanbihi ya "Ibara imevurugika" nayo ilikuwa imefutwa. Badala yake Dakta Ghali, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akitania, alikuwa ameandika maneno ambayo Jaji aliyasoma kwa sauti mbele ya wote:

"Ibara haikuvurugika. Aliyevurugika ni mhariri."

Mahakama nzima iliangua kicheko, na safari hii Jaji hakugonga meza. Lalla Ijja hakucheka. Alikuwa ameishika ile taulo, ameiweka usoni.

Hukumu ikatoka wiki tatu baadaye: nusu ya nyumba na nusu ya mashine ni mali ya Mamass Id Bella, kwa jasho lake. Alipopiga vigelegele pale ngazini, njiwa wote wa paa la mahakama waliruka. Binti zake wakadakia, nami nikadakia, na Ba Blaid naye akajaribu, Mungu amsamehe.

Jumanne iliyofuata Dakta Ghali alikuja ofisini na suti yake ya Fasi. Akasema litatoka toleo la tatu, litasomwa upya kutoka mswada wa Tizgi, nukta kwa nukta, na litakuwa na majina mawili. Lalla Ijja akamwambia jina la Sidi litangulie, maana kwa herufi B iko mbele ya O. Dakta akajibu kwamba amechoka kusikia habari za herufi, na kwamba la kwake yeye litafuata. Toleo lilitoka 2018: Outaleb na Benzekri. Walipata makosa mengine kumi na saba, na matano kati yake yalikuwa ya Ijja mwenyewe wa mwaka 1991. Aliyaorodhesha ya kwake kwanza. Dakta alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu, na toleo hilo likiwa mahali pa lile la zamani kando ya kitanda.

Mpaka mwezi uliopita tumehesabu hukumu arobaini na moja zilizonukuu ukurasa ule kwa usomaji sahihi. Wanakuja wanafunzi kutoka Marakishi, Tunisi, hata Jakarta, wanamuuliza Lalla Ijja nadharia yake ni ipi katika fiqhi na haki za wanawake. Anawajibu kwamba nadharia yake ni kunawa mikono na kutazama asili. Wanaandika. Mmoja ameshapata udaktari kwa jibu hilo.

Namalizia na jambo la Mei hii, siku ya Jumatatu. Nilikuwa mezani kwangu, akaingia mzee na mwanamke kijana. Mzee akavua kofia mlangoni. Nilimtambua kabla hajasema, na Lalla Ijja alimtambua kabla yangu. Alikuwa Hajj Ali.

"Lalla," akasema, "nimekuja kwa ajili ya ule ukurasa."

"Ukurasa upi, Hajj? Kitabu kina kurasa mia nne."

Akaigeuza kofia mikononi. "Wa mia na kumi na mbili."

Yule mwanamke alikuwa Zahra, binti yake mkubwa na Mamass. Ameolewa miaka kumi na miwili, na yeye na mumewe walifungua duka la kushona, yeye akiwa mashineni na mume kwenye kaunta. Sasa mume anataka mke mwingine, na anamtaka Zahra atoke mikono mitupu.

"Eti kazi aliyofanya ni faradhi!" Hajj akapaza sauti. "Binti yangu! Ameshona mpaka macho yanamtoka maji, halafu kijana yule ananiambia mimi, usoni, ni faradhi!"

Mkuki kwa nguruwe, jamani. Nilikuwa nalo neno ulimini, limeiva kabisa. Lalla Ijja akanitupia jicho moja, nikalimeza.

"Mama yake mzima?" akamuuliza kwa upole.

"Mzima. Nilimwambia aje yeye, yeye ndiye anayewajua ninyi. Akasema, 'Hapana, wewe ndiye utakayekwenda.'"

Lalla Ijja akatoa nakala. Kwetu nakala haipigwi muhuri mpaka anayeichukua aisome kwa sauti mbele ya picha ya asili, kama anajua kusoma. Hajj Ali anajua, alipitia chuo cha mlimani kama wote. Akamsogezea karatasi, akamwazima na kioo.

"Kazi ya mke," Hajj akaanza, "katika mali ya mumewe... ni..."

Akasimama. Zahra alikuwa anamtazama.

"Tazama nukta, Hajj," Lalla Ijja akasema. "Iko wapi?"

"Juu."

"Ngapi?"

"Moja."

"Basi soma."

"Karadha," akasema Hajj Ali. Akaanza mstari upya, akausoma wote mpaka mwisho, na hakuishia kwenye kazi ya binti yake tu. Aliweka kioo chini, akasema, pasipo kuulizwa na mtu, "Na ya mama yake ilikuwa hivyohivyo."

Lalla Ijja akapiga muhuri. Ndiyo nakala ya mwisho iliyobeba saini yake katika rejesta yetu. Aliiweka mkononi mwa Zahra, si mwa Hajj.

Lalla Ijja, wafanyakazi wenzako wote tunakushukuru, na Mungu akupe afya, umri mrefu na usingizi wa asubuhi ambao hujauonja tangu 1986. Maisha yawe mema kwako huko uendako. Zahra amepiga simu leo asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti: amepata nusu ya duka.